Jason na JADE kwa swali moja tu: wakala wako anajua mwenzake anaamini nini?

Jason na JADE ni programu mbili za kutengenezea mawakala, yaani programu zinazojiamulia mambo na kutumiana meseji, na nimezipima zote mbili. Nianze na nilichokuwa natafuta, maana bila hicho hamtaelewa kwa nini nasifia hapa na kulalamika pale. Nilikuwa na ghala la kuigiza kwenye laptopu, gridi ya vyumba na rafu, na mawakala watatu wa programu wanaogawana kazi. Mmoja ni mkaguzi, anazunguka kuangalia rafu ipi ina mzigo, wengine wawili ni wachukuzi wanaoenda kuubeba. Hakuna anayeona ghala zima, kila mmoja anaona pale aliposimama tu, kwa hiyo lazima waambiane. Kuambiana sio kazi, meseji inatumwa inafika. Kazi ilianza pale mkaguzi alipomwambia mchukuzi wa kwanza kwamba rafu ya 4 ina mzigo, akaendelea na mzunguko wake, aliporudi akakuta mzigo umeshabebwa na yule mchukuzi wa pili, akafuta kwenye kumbukumbu zake na maisha yakaendelea. Kwake habari imeisha. Wa kwanza huku anakatiza ghala zima kufuata rafu tupu, na wamepishana njiani kabisa na mkaguzi, na mkaguzi hakumwambia kitu, kwa sababu hana mahali popote anapoweka kwamba huyu bado anaamini kile nilichomwambia mimi mwenyewe.

Niliangalia hiyo ikijirudia nikaona hapa tatizo sio meseji. Mkaguzi wangu hajui kwamba mwenzake ana kichwa chake.

Basi nikaamua programu nitakayotumia nitaipima kwa testi ile wanayopewa watoto wadogo, ya Sally na Anne. Ilitumika kwenye utafiti maarufu wa 1985 wa Baron-Cohen, Leslie na Frith, kwa kufuata kazi ya Wimmer na Perner ya 1983. Sally anaweka gololi yake kwenye kikapu, anatoka nje. Anne anaitoa anaihamishia kwenye boksi. Sally anarudi, je ataitafuta wapi? Mtoto mdogo sana anasema kwenye boksi, kwa sababu gololi iko kwenye boksi. Akikua kidogo anasema kwenye kikapu, kwa sababu ameshaelewa kwamba Sally hakuona. Ndo swali lenyewe la rafu yangu ya 4. Sitaki wakala anayejua mzigo uko wapi tu, nataka anayejua mwenzake atautafuta wapi.

Nilianza na JADE. Hii ni ya lugha ya programu ya Java, imetoka kwenye maabara za Telecom Italia, imekuwa programu huria tangu 2000, na kama unataka mawakala waliotawanyika kwenye mashine tofauti wapatane basi kwa kweli inafanya kazi. Kila wakala ana uzi wake wa kukimbia (thread), yaani anafanya kazi sambamba na wengine, kuna kitabu cha njano ambapo wakala anajitangaza anafanya kazi gani na wengine wanamtafuta humo, na kuna wakala mmoja wa kunusa meseji anayekuchorea mishale ya nani kamtumia nani na lini. Hiyo mishale peke yake imeniokolea masaa mengi, usiidharau. Kusakinisha hakukunisumbua, meseji hazikupotea hata mara moja.

Ila kuhusu imani JADE haina chochote cha kukupa. Wakala ni darasa la Java, anachokiamini ni vigezo ulivyoweka ndani yake, na meseji ikifika unaisoma na kuamua mwenyewe la kufanya. Hapo ndo inabidi nieleze kidogo kuhusu FIPA maana ndo uzuri na uchungu wa jambo lote hili uko hapo.

FIPA ni shirika lililoanzishwa 1996 kuandaa viwango vya mawakala, baadaye 2005 likaingia chini ya IEEE, chama cha kimataifa cha wahandisi. Walitoa lugha ya mawakala kuzungumza, yenye vitendo 22 vya mazungumzo, na JADE inaifuata. Ukiisoma maelezo ya vitendo hivyo utashangaa jinsi walivyofikiria mbali. Kitendo cha kuarifu, "inform", kina masharti yaliyoandikwa kwa mantiki kabisa: mtumaji anaamini jambo ni kweli, na haamini kwamba mpokeaji ana msimamo wowote tayari kuhusu jambo hilo. Yaani kabla hujafungua mdomo ushajiuliza mwenzako anajua nini. Alafu kuna "confirm", ya mtu unayeamini kwamba ana mashaka na jambo hilo. Na kuna "disconfirm", hii niliposoma nilisimama nikatembea chumbani: mtumaji anaamini jambo si kweli, na anaamini kwamba mpokeaji analiamini au analikaribia kuliamini. Hiyo ndo rafu ya 4! Watu walikaa chini wakatengeneza kitenzi maalum cha kumwambia mwenzako "najua unaamini hivi, acha, sio hivyo", wakakipa jina, wakakiandikia masharti.

Sasa kwenye JADE hicho kitenzi ni lebo tu juu ya bahasha. Unaandika meseji yako, unabandika DISCONFIRM, inaenda. Hakuna anayeuliza kama kweli unaamini mwenzako anaamini, hata kama hujawahi kuwaza juu ya mwenzako tangu programu iwake. Unaweza kubandika INFORM kwenye uongo mtupu na ikafika vizuri tu. Na sio uvivu wa waliotengeneza, maana hata wangetaka kukagua wangekagua vipi? Wakala anayepokea hawezi kufungua kichwa cha aliyetuma aone kama anaamini. Mtafiti Munindar Singh alilisema hili tangu 1998, kwamba ukijenga maana ya meseji juu ya mambo yaliyo ndani ya kichwa cha mtu hakuna wa nje anayeweza kuhakiki, bora maana ijengwe juu ya ahadi, kile ulichojifunga nacho mbele ya wengine, kwa sababu hicho kinaonekana. Mi nakubaliana naye kwa mawakala wa kampuni mbili zisizoaminiana. Lakini mawakala wangu wote nimewaandika mimi, hawadanganyani, shida yao sio uongo, shida yao ni kusahau kwamba mwenzao hajasikia. Kwa hiyo bado nilikuwa nazitaka zile imani.

(Kulikuwa na nyongeza ya JADE kutoka France Télécom iliyokuwa inajaribu kuzipa hizo lebo maana yake halisi, wakala anaelewa mwenyewe kitendo kinadai nini. Mimi nimepima JADE yenyewe bila nyongeza, ndo watu wengi wanavyoikuta.)

Testi ya gololi kwenye JADE: unapita ukiandika kila kitu wewe. Ina maana aliyepita ni wewe, sio JADE.

Nikahamia Jason, na hapa ntakaa sana kwa sababu hapa ndo nilijifunza.

Jason imetengenezwa na Rafael Bordini na Jomi Hübner, nayo iko juu ya Java, lakini wakala wenyewe huwaandiki kwa Java, unawaandika kwa AgentSpeak, lugha aliyoitoa Anand Rao mwaka 1996. Wakala ana imani, ana malengo, ana mipango. Imani ikiingia au ikitoka kwenye ghala lake la imani hilo ni tukio, na tukio linaamsha mpango. Ukizoea Java utahangaika siku mbili tatu maana hakuna "fanya hiki kisha hiki" ya moja kwa moja, unaandika "likitokea hili, na kama unaamini lile, fanya hivi". Mimi nilihangaika wiki nzima, sioni haya kusema, na sintaksia yake inafanana na Prolog, lugha ya programu ya kimantiki ambayo nilikuwa sijaigusa miaka.

Kitu kilichonifanya nibaki ni kidogo sana na kwangu ndo sifa kubwa kuliko zote: kila imani inabeba chanzo chake. Alichokiona kwa macho yake kinabeba alama kwamba kimetoka kwenye kuona. Alichojiandikia mwenyewe kinabeba alama ya nafsi yake. Alichoambiwa kinabeba jina la aliyemwambia. Hufanyi chochote, inajibandika yenyewe. Na wawili wakimwambia jambo moja imani haiwi mbili, inabaki moja yenye majina mawili. Mmoja akirudi akasema nimefuta kauli yangu, kuna kitenzi cha hivyo, "untell", linaondoka jina lake tu na imani inabaki imesimama kwa yule mwingine. Akifuta na wa pili ndo inaondoka. Fikiria jinsi watu tunavyosahau nani alituambia nini alafu tunabaki na habari tunayoing'ang'ania hata aliyeileta ameshaikana. Wakala wa Jason hasahau.

Zaidi ya hapo, habari ikipita mkono kwa mkono pamoja na alama zake, majina yanaingia ndani ya majina: nimeambiwa na huyu, ambaye aliambiwa na yule. Mwanzoni nikadhani basi nimepata nilichotaka. Sio. Hiyo ni njia habari iliyopita, inakwambia habari imetoka wapi, haikwambii sasa hivi nani bado anaiamini. Hivi ni vitu viwili na nilipoteza siku kadhaa kwa kuvichanganya, kwa hiyo nasisitiza. Mkaguzi anaweza kujua mnyororo wote wa habari ilikotoka na bado asijue mchukuzi yuko njiani anaifuata.

Kwa hiyo testi ya gololi kwenye Jason kama ilivyo haipiti pia. Ukituma "tell", kitenzi cha kumwambia mwenzako jambo, upande wa mpokeaji imani inaingia na jina lako. Upande wako wewe mtumaji hakibaki kitu. Umesema, umeondoka.

Tofauti na JADE ni jinsi ilivyo rahisi kuiziba. Namna Jason inavyopokea meseji yenyewe imeandikwa kwa AgentSpeak, ni mipango ya kawaida kwenye faili unayoweza kuifungua ukaisoma, na ukiandika mpango wako wa tukio hilo hilo wako ndo unatangulia. Kwa hiyo niliandika mipango michache. Kila mara mkaguzi anapomwambia mtu jambo, anajiandikia: nimemwambia fulani hivi. Imani yake mwenyewe ikitoka, tukio la kutoka linaamsha mpango unaoangalia nani wote waliwahi kuambiwa, na kuwatumia "untell" mmoja mmoja. Mistari haizidi kumi na tano. Ukitaka mkaguzi akutabirie mchukuzi ataelekea wapi, unamuuliza ana kumbukumbu gani za aliyomwambia ambazo hajazifuta. Kwa mara ya kwanza nikaona kwenye skrini mkaguzi anasema rafu ya 4 ni tupu, na mchukuzi wa kwanza ataenda rafu ya 4. Vyote viwili kwa wakati mmoja, bila kuchanganyikiwa. Nilifurahi sana kwa kweli.

Alafu ikaharibika, na kosa lilikuwa langu, ila mtakutana nalo kwa hiyo sikilizeni. Imani zilizotoka kwenye kuona Jason inazisasisha yenyewe kila mzunguko wa wakala, kile asichokiona tena kinafutwa. Ndo inavyotakiwa. Sasa mkaguzi akiondoka mbele ya rafu ya 4 haioni tena, imani ya kuona inafutwa, tukio la kutoka linaamka, mpango wangu unawatumia wote "untell", na rafu bado imejaa! Wachukuzi wakawa wanaanza safari wanarudi, wanaanza wanarudi, ghala zima limesimama kwa sababu ya mtu mmoja anayegeuza shingo. Dawa yake ni kutofautisha kuacha kuona na kuona kwamba hakuna. Akiona mzigo anajiandikia kumbukumbu yake mwenyewe, yenye alama ya nafsi, na hiyo haifutiki mpaka asimame pale pale na kuona rafu tupu. Mpango wa kuwaarifu wengine unaufunga kwenye kumbukumbu hiyo, sio kwenye macho. Ile mind inspector ya Jason, dirisha linaloonyesha imani za wakala hatua kwa hatua, ndo ilinionyesha kosa. Bila hilo dirisha ningekuwa bado natafuta.

Na kuna jambo jingine linalotaka uangalifu. Mkaguzi akishatuma "untell" asifikie hitimisho kwamba mchukuzi haamini tena. Anachoweza kusema ni kwamba mchukuzi haamini tena kwa sababu yangu. Kama yule mchukuzi wa pili naye alimwambia, imani imesimama palepale. Niliandika mwanzo "ameacha kuamini" nikapata utabiri wa uongo, nikabadilisha ikawa "sijui", na ikimhusu sana mkaguzi anauliza kwa "askOne", kitenzi cha kuuliza, badala ya kukisia. Hapa nikakumbuka tena ile "disconfirm" ya FIPA, maana kufuta kauli yako na kumwambia mwenzako kwamba jambo sio kweli ni vitu tofauti. Nikawa natuma na ukanusho wenyewe, na Jason inakubali imani ya kukanusha kama imani kamili. Ila haikuzuii kuamini jambo na kinyume chake kwa pamoja! Usipoandika kanuni yako ya nani anashinda, macho au maneno, mpya au ya zamani, wakala anakaa na vyote viwili. Natamani ingekuwa na kanuni ya kuanzia hata ya kawaida tu. Kadhalika inamkubalia kila anayeleta habari isipokuwa uibadilishe ile sehemu ya kuamua nani wa kusikilizwa.

Swali linalofuata kila mtu analiuliza: ngazi ngapi? Mkaguzi anaamini kwamba mchukuzi anaamini, sawa, na je mchukuzi anaamini kwamba mkaguzi anaamini kwamba mchukuzi anaamini? Mi nilijaribu ngazi ya tatu nikairudisha. Kuna sababu ya ndani zaidi ya uvivu. Chukua wale majenerali wawili kwenye vilima viwili, lazima washambulie pamoja, wanatumiana mjumbe anayeweza kukamatwa njiani. Wa kwanza anatuma "alfajiri". Wa pili anajibu nimepata. Lakini wa pili hajui kama jibu limefika, kwa hiyo wa kwanza athibitishe uthibitisho, na hivyo hivyo, kila meseji inaongeza ngazi moja tu na haifiki mwisho. Halpern na Moses kwenye makala yao ya 1990 walionyesha kwamba pale meseji zisipokuwa na uhakika wa kufika, ujuzi wa pamoja, ile hali ya wote tunajua kwamba wote tunajua mpaka bila kikomo, haupatikani kwa kutumiana meseji. Sio ngumu, haupatikani. Kwa hiyo acha kuukimbilia. Mimi nimeishia ngazi ya pili, na risiti moja kwa meseji zinazohusu mzigo uliohifadhiwa kwa mtu, basi, na ghala linaenda.

Mtu ataniuliza mbona nahangaika na haya wakati sasa kuna mawakala wa modeli za lugha wanaoongea kama watu. Nimewajaribu, niliwaweka watatu kwenye mazungumzo ya pamoja na kazi ile ile. Wanaongea vizuri, na ile hadithi ya Sally wanaijibu sawa. Lakini mipangilio mingi ya hivyo inawapa wote uzi mmoja wa mazungumzo, kila mmoja anasoma kila kilichosemwa, kwa hiyo hakuna Sally aliyetoka nje, hakuna cha kukisia. Ukiwatenganisha kila mmoja na meseji zake ndo unaona kazi ilivyo. Na 2023 mtafiti Tomer Ullman alionyesha kwamba ukibadilisha hadithi kidogo, mfano chombo kiwe cha kuona ndani, modeli zilizokuwa zinapata zinakosea. Kwangu shida kubwa zaidi ni kwamba siwezi kufungua dirisha nikaona imani gani, kutoka kwa nani, imeingia lini. Ninachosoma ni maneno yake kuhusu anachoamini. Kwa kazi ambayo kosa moja linampeleka mchukuzi upande wa pili wa ghala, nataka dirisha.

Nani atumie nini sasa. Kama mawakala wako wako kwenye mashine nyingi na wanachotumiana ni maombi na majibu, JADE itakutosha, naipa 3 kati ya 5 kwa swali langu na ningeipa zaidi kwa usafirishaji peke yake. Kama mawakala wako wanaweza kuwa na habari za zamani na inabidi mwenzao ajue hilo, nenda Jason, 4 kati ya 5, ile moja nimeizuia kwa sababu mtumaji habaki na kumbukumbu yoyote ya alichosema. Jason pia imewahi kukimbia juu ya JADE kwa hiyo hulazimiki kuziona kama maadui. Ukiingia usianze na mifano ya roboti wasafishaji, fungua kwanza ile faili ya mipango ya kupokea meseji uisome yote, ni fupi, alafu fanya testi ya gololi na mawakala wawili tu. Yangu niliiacha ikikimbia usiku kucha, asubuhi nikapitia logi: mkaguzi ameona rafu ya 7 imebaki tupu, ameangalia nani aliambiwa, amemkuta mchukuzi wa kwanza peke yake, meseji imeenda, na mchukuzi akageuka akiwa hatua tatu tu kutoka alipoanzia.